Kuizunguka Maikrofoni Moja: Hotuba Kuhusu The Trinity Session

Hotuba hii niliitoa jioni moja mbele ya ndugu na marafiki wanaozungumza Kiswahili hapa Toronto, kabla hatujakaa pamoja kuisikiliza albamu yenyewe. Naiweka yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya wale ambao zamu za kazi na theluji ziliwazuia kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliosimama nyuma karibu na mlango: wazee wangu, shikamooni, na wengine nyote, habari za jioni.

Nimepewa albamu moja tu ya kuzungumzia, nami nashukuru, kwa sababu albamu hii moja inatosha. Inaitwa The Trinity Session. Ni albamu ya pili ya Cowboy Junkies, bendi ya mji huu huu tunaoishi, na ilitoka mwaka 1988. Wanaoupanga muziki kwa mafungu huiweka katika fungu la kantri mbadala, yaani kantri inayopigwa na watu ambao hawakulelewa Nashville, mji wa Marekani ulio makao ya kantri, watu ambao masikio yao yalikwisha kupita kwenye roki na bluzi kabla ya kufika huko. Mwaka ule jina la fungu hilo lilikuwa bado halijazoeleka. Muziki ulitangulia, jina likafuata.

Ndugu zangu, ni wangapi hapa mmewahi kununua viatu Eaton Centre, lile jengo kubwa la maduka katikati ya mji wetu? Naona mikono mingi. Na ni wangapi mmewahi kutokea upande wa magharibi wa jengo lile, mkakutana na kanisa la matofali lililobanwa na maghorofa kama mzee aliyekaa katikati ya wajukuu warefu? Mikono imepungua. Kanisa hilo ni Holy Trinity, kanisa la Kianglikana lililofunguliwa mwaka 1847. Lilijengwa kwa pauni 5,000 zilizotoka Uingereza kwa mtu ambaye hakutaka kutajwa, na baadaye ikajulikana kuwa zilitoka kwa mwanamke wa Yorkshire aliyeitwa Mary Lambert Swale. Zawadi hiyo ilikuwa na sharti: viti vya kanisa vibaki bure milele, visikodishwe wala visimilikiwe na mtu. Zama zile, katika makanisa mengi, tajiri alilipia benchi la mbele, na maskini akasimama kando ya ukuta. Pale, aliyewahi ndiye aliyekaa. Naomba mlishike jambo hilo la viti, kwa sababu kazi iliyofanyika ndani ya kanisa hilo miaka 140 baadaye ilihusu nani anakaa wapi.

Sasa niwarudishe nyumbani kidogo, kwa ruhusa yenu. Mimi nilikulia Tanga, na nikiwa na umri wa miaka 12 niliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya vijana ya kanisani kwetu. Hatukuwa na studio. Tulikuwa na redio kaseti moja ya mwalimu wa kwaya, yenye tundu dogo la maikrofoni pembeni mwa spika, naye aliiweka juu ya kigoda katikati ya kanisa. Mwalimu hakugusa kitufe chochote isipokuwa kile chekundu cha kurekodi. Alitugusa sisi. Alimshika mtu bega akamrudisha nyuma hatua mbili. Alimwambia mpiga ngoma akae mlangoni kabisa, mgongo wake ukielekea nje. Binti mmoja mwenye sauti nyembamba kama uzi, ambaye siku za ibada hakuna aliyemsikia, alimsimamisha karibu na kigoda kiasi kwamba goti lake liliigusa redio. Kisha tuliimba, tukarudisha kaseti nyuma, tukasikiliza, na mwalimu akaanza tena kutusogeza. Kutwa nzima ilikwenda hivyo. Jioni, tuliposikiliza mara ya mwisho, nilimsikia yule binti kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Na nilikuwa nimesimama naye kwaya moja miaka miwili!

Nilipokuja nchi hii, na kazi ya ufundi mitambo ikawa ndiyo riziki yangu, niliisikia The Trinity Session usiku mmoja garini, nikitoka kazini. Sikuyaelewa maneno yote. Lakini nilielewa jambo moja kabla ya wimbo wa pili kwisha: hawa watu walisogezwa. Kuna mtu aliwashika mabega.

Tuwajue basi hao watu. Michael Timmins na Alan Anton ni marafiki tangu wakiwa watoto wadogo. Mwaka 1979 waliunda bendi iliyoitwa Hunger Project, wakahamia New York, kisha wakaenda London, ambako walikuwa na kundi jingine la muziki wa kelele na majaribio usiokuwa na mwimbaji. Mwaka 1985 walirudi Toronto wakaanza upya na watu wa nyumbani: Michael kwenye gitaa, Alan kwenye besi, mdogo wake Michael aitwaye Peter kwenye drams, na dada yao Margo kwenye uimbaji. Margo hakuwa mwimbaji. Alikuwa hajawahi kuimba mbele ya watu, na aibu ilimjaa hasa. Walifanya mazoezi katika gereji ya nyumba waliyopanga, na majirani, kama majirani wa popote duniani, walilalamikia kelele.

Je, ninyi mngefanya nini? Wengine wangegombana na majirani. Wengine wangehama. Wao walipunguza sauti. Na walipoipunguza waligundua kwamba Margo, ambaye sauti yake ilizama katika kelele, sasa alisikika. Na kwamba kadiri alivyoimba polepole na kwa chini ndivyo alivyozidi kumfikia msikilizaji. Kwa hiyo gitaa likashuka, besi ikashuka, na ngoma zikapigwa kwa wepesi ili zisimfunike. Sauti ndogo kuliko zote ndiyo iliyowekwa kuwa kipimo cha bendi nzima. Nasema tena, kwa sababu sisi wa kwaya huwa tunafanya kinyume: sauti ndogo kuliko zote ndiyo iliyowekwa kuwa kipimo.

Albamu yao ya kwanza, Whites Off Earth Now!!, waliirekodi mwaka 1986 katika gereji hiyo hiyo, na karibu yote ilikuwa bluzi za watu wa zamani kama Robert Johnson na John Lee Hooker. Halafu wakaingia barabarani kuipeleka Marekani, wakazunguka majimbo ya kusini wakilala walikolala, na huko ndiko kantri ilipowaingia. Walipofika nyumbani walikuwa na nyimbo za Hank Williams na Patsy Cline vichwani, na nyimbo zao wenyewe zilizoanza kufanana na barabara hizo ndefu.

Aliyewarekodi gerejini, na aliyewarekodi tena kanisani, ni Peter Moore. Yeye alikuwa na kifaa kimoja alichokipenda mno: maikrofoni ya Ambisonic iliyotengenezwa na kampuni ya Calrec ya Uingereza, kutokana na kazi ya wanahisabati wawili, Michael Gerzon na Peter Craven, waliyoifanya miaka ya 1970. Ukiitazama ni fimbo nene kama mwiko wa ugali. Lakini kichwani mwake zimo maikrofoni ndogo nne zilizopangwa kama pande nne za piramidi, kila moja ikitazama upande wake, ili zishike sauti pamoja na mahali inakotoka: mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu na chini. Kifaa cha namna hiyo hakihitaji chumba chenye magodoro ukutani. Kinahitaji chumba chenye sauti yake chenyewe, na Holy Trinity, lenye dari ya juu na kuta ngumu, lilikuwa na sauti yake.

Kulikuwa na kikwazo kimoja, nacho ni jina. Hebu fikirini mnakwenda kwa wazee wa kanisa kuomba ukumbi, mnaulizwa bendi yenu inaitwaje, na jina lenu maana yake ni mateja wachunga ng'ombe. Walichelea kukataliwa. Kwa hiyo walijitambulisha kuwa ni The Timmins Family Singers, waimbaji wa ukoo wa Timmins, waliokuja kurekodi kipindi cha Krismasi cha CBC, redio ya taifa ya Kanada. Ulikuwa uongo, na ulisemwa kwa watu wa kanisa, nami siuhalalishi. Nausimulia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu kanisa lenyewe lilikuja kuwafungulia mlango tena baadaye kwa jina lao halisi.

Basi, tarehe 27 Novemba 1987 waliingia. Maikrofoni moja ikasimamishwa, na wapigaji wakakaa kuizunguka: ndugu hao watatu na Alan, na wageni waliowaalika. Kim Deschamps alipiga lile gitaa la kantri linalolazwa mbele ya mpigaji na kulia kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Jaro Czerwinec alipiga kodiani, na wale wa pwani mliokua na taarabu mtaitambua mara moja, ingawa hapa inapumua taratibu zaidi. Jeff Bird alikuwa na fidla, mandolini na kinanda cha mdomo; Steve Shearer naye kinanda cha mdomo; na kaka mwingine wa ukoo, John Timmins, alisaidia kwa gitaa na sauti.

Saa za mwanzo za siku hiyo, na si saa moja wala mbili, hakuna wimbo uliorekodiwa. Walisogea. Kodiani mbele kidogo. Ngoma nyuma. Kikuza sauti cha gitaa kigeuzwe kitazame pembeni. Piga kidogo, nyamaza, sikiliza, sogea. Na shida kubwa ilikuwa ile ile ya gereji: Margo. Sauti yake isingeweza kushindana na vyombo ndani ya jengo lenye mwangwi kama lile, na hapakuwa na maikrofoni ya pili ya kumrekodia kando. Suluhisho lilipatikana katika vitu vilivyokuwa vimesahaulika pale pale: mitambo ya kupaza sauti iliyoachwa na watu wa shughuli iliyopita. Margo akaimba kupitia mitambo hiyo, na spika ikawekwa mahali ambapo sauti yake ilifika kwenye ile maikrofoni moja ikiwa safi, kama kwamba na yeye amekalishwa kwenye duara.

Ninyi mafundi wenzangu mlioko hapa mnajua maana ya jambo hili, lakini niwaeleze na wengine. Katika studio ya kawaida kila chombo kina njia yake ya sauti. Ngoma ikizidi, unaishusha kesho. Mwimbaji akikosea neno, anarudi keshokutwa analiimba lile neno moja tu. Pale kanisani hapakuwa na kesho. Kilichoingia kwenye maikrofoni kiliingia kimeungana, moja kwa moja kwenye mkanda wa Betamax, ule wa video, uliotumika kuhifadhi sauti ya kidijitali. Huwezi kumshusha mpiga kodiani bila kuwashusha wote. Huwezi kulifuta kosa la mmoja bila kuufuta wimbo wa wote. Kwa hiyo kila mmoja alipaswa kujishusha mwenyewe, palepale, wakati wimbo unakwenda, kwa kumsikiliza aliye karibu naye. Sikilizeni kinanda cha mdomo kinavyosubiri Margo amalize mstari. Kinasubiri mpaka unadhani kimesahau.

Ziko simulizi kwamba albamu yote ilirekodiwa siku hiyo moja. Nani hapendi simulizi ya siku moja? Lakini sivyo hasa. Muda uliwaishia, ikabidi mlinzi alipwe ili awaongezee saa, na bado wimbo mmoja ulibaki: wimbo wa kwanza wa albamu, Mining for Gold, ambao Margo aliuimba siku chache baadaye, mahali pengine, peke yake. Kwangu mimi ukweli huu hauipunguzii albamu thamani. Unanionyesha watu waliofanya kazi mpaka mlinzi akazishika funguo mkononi.

Na wimbo huo una nini? Ni wimbo wa zamani wa wachimba dhahabu, hauna chombo chochote, na unahusu ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mwamba. Wale mliotoka Geita, na ndugu zetu wa Ituri, mnaifahamu kazi hiyo na mnakifahamu kikohozi chake. Kuufungua muziki wa kantri kwa kifua cha mchimbaji badala ya farasi na kofia pana ni uamuzi wa mtu anayejua anachotaka kusema.

Kuhusu nyimbo nyingine nitataja chache tu, kwa kuwa mtazisikia. Upo ule wa Hank Williams wa mwaka 1949, wimbo wa upweke ambao waimbaji wengi wameurudia, na ambao hapa unakwenda taratibu mno hata unahofia utasimama. Upo ule ambao Patsy Cline aliufanya maarufu mwaka 1957, nao ndio unaofunga. Uko ule wa Elvis: walichukua Blue Moon, wimbo ambao Elvis mwenyewe aliurekodi akiwa kijana mwaka 1954, wakaufunga pamoja na wimbo wao wa kumlilia, na wakati huo alikuwa amefariki miaka 10. Na uko Sweet Jane wa bendi ya roki ya Velvet Underground, ambao watu wengi waliujua kama wimbo wa gitaa la nguvu. Wao hawakuufuata huo. Waliufuata ule wa polepole, uliomo katika rekodi ya jukwaani ya mwaka 1969, wenye beti ambazo wengi hawakuwahi kuzisikia. Lou Reed, aliyeutunga, aliusifia wazi wazi. Mtunzi kumsifu anayeurudia wimbo wake si jambo la kila siku, na sisi tunaotoka katika nchi za mabingwa wa kuimbiana nyimbo tunalijua hilo vizuri.

Lakini wimbo ninaoupenda mimi ni wao wenyewe, Misguided Angel, ulioandikwa na Margo na Michael. Ni binti anayezungumza na mama yake, baba yake, kaka yake na dada yake, kila mmoja kwa zamu, akiwaeleza juu ya mwanamume ambaye anajua hawatamkubali. Hagombani nao. Anawaomba wasikilize. Na nyuma yake, kumbukeni, kaka zake halisi ndio wanaopiga, nao wamekaa chini kabisa ya sauti yake. Naomba mniambie baada ya kuusikia kama nakosea ninaposema kwamba katika familia nyingi zetu binti huyo asingefika ubeti wa pili.

Albamu ilitoka kwanza mwanzoni mwa 1988 kupitia lebo yao wenyewe, Latent. Novemba mwaka huo kampuni kubwa ya rekodi, RCA, ikaitoa duniani kote, na imeuza nakala zaidi ya milioni moja. Hayo yanatosha kuhusu mauzo.

Nina deni la kuwaeleza kwa nini jambo hili limenikaa moyoni kiasi hiki. Miaka kadhaa iliyopita niliisaidia kwaya moja ya watu wetu hapa mjini kurekodi. Tulikodi studio nzuri, yenye vioo na viti vya ngozi. Kila mwimbaji aliingia peke yake kwenye kijumba kidogo, akavaa spika za masikioni, akaimba sehemu yake, akatoka. Mama mmoja wa sauti ya pili, aliyeimba miaka 30 tangu Kigoma, aliingia akanyamaza. Fundi akamrudishia muziki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama akavua zile spika akaniuliza, "Mwanangu, wenzangu wako wapi?" Nilimjibu kwamba wenzake watawekwa baadaye. Nilimjibu hivyo mimi, mtoto wa redio kaseti ya Tanga! Kazi ilikamilika, kila noti ipo mahali pake, na hakuna hata mmoja wetu anayeisikiliza. Kosa lile si la studio wala la mitambo. Lilikuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyejua njia nyingine nikaionea haya.

Siku chache baadaye nilikwenda Holy Trinity, siku ya kazi, mchana. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Ndani, watu wawili watatu walikuwa wamekaa mbalimbali kwenye viti vile ambavyo havina mwenyewe, mmoja amelala na mfuko wake miguuni. Nilisimama katikati nikapiga kofi moja, dogo, kwa adabu. Sauti ilipanda, ikakaa huko juu kitambo, kisha ikashuka polepole kwa upande mwingine, na yule aliyelala hakuamka. Nikaelewa kwa nini Peter Moore alitaka jengo lile. Linamrudishia kila mtu sauti yake pamoja na sauti za wenzake.

Karibu miaka 20 baada ya siku ile, bendi ilirudi kanisani humo ikaziimba nyimbo hizo upya, pamoja na waimbaji wageni Natalie Merchant, Ryan Adams na Vic Chesnutt. Watu wale wale wanne wa mwanzo, hakuna aliyebadilishwa. Walikaa tena kwa duara.

Mwenyekiti ananiangalia, na muda wangu umekwisha. Kwaya ile ya hapa mjini imekubali turudie. Safari hii hatukodi studio. Tumeomba ukumbi wa kanisa moja, na yule mama wa Kigoma amekwisha kuniambia atasimama wapi. Ninyi mnaotaka kuja kusikiliza, karibuni, mradi mje na soksi nzito, maana sakafu ile inalia.

Sasa fundi, naomba uzime taa za mbele. Simu zifungwe, tafadhali. Wimbo wa kwanza ni sauti ya Margo peke yake, dakika moja na nusu, na ni ndogo sana. Wale mlio nyuma msimwombe fundi aongeze sauti. Sogezeni viti, mje karibu.